Mpelelezi wa Ridhaa: Ridhaa ya Nani?

Si nadra kumkuta mtunzi aliyeandika riwaya ya kurasa 400 bila ya kuchoka, kisha akashindwa na ukurasa mmoja tu: ile barua ya kumwomba mchapishaji ausome mswada wake. Katika riwaya, msomaji amekwisha kukaa kitako na chai yake. Katika barua, mhariri ana miswada mingine mezani, simu inalia, na vitabu vya shule vinasubiri kwenda mtamboni. Barua hiyo ndogo imevizuia vitabu vingi ambavyo pengine vilistahili kusomwa, na ni nadra kusikia ikifundishwa mahali popote katika Kiswahili.

Mbele yangu nina nakala ya barua ya namna hiyo. Aliyeiandika ni mwalimu wa shule ya msingi, na aliniomba nimweleze kwa nini wachapishaji wawili hawakumjibu lolote. Ameniruhusu niijadili hapa mradi nisilitaje jina lake, wala la riwaya yake, wala la mhusika yeyote. Nimeyakubali masharti hayo, nami nikaongeza langu moja: asinune.

Riwaya yenyewe ni ya upelelezi. Katika mji mdogo wa Pwani, mhazini wa chama cha akiba na mikopo anakutwa amekufa ndani ya machimbo ya mawe. Polisi wanasema alilewa, akaanguka. Mwanamke mmoja mjane, fundi wa nguo, hakubaliani nao, na kuanzia hapo hapati usingizi wala hawapi wenzake usingizi. Kisa ni kizuri. Ukiisoma barua, hata hivyo, huwezi kuujua uzuri huo.

Barua inaanza hivi: "Kwa heshima na taadhima, na baada ya salamu nyingi zenye harufu ya asumini, ninachukua fursa hii adhimu kukuarifu kwamba mimi ni mpenzi mkubwa wa fasihi tangu utotoni." Zinafuata shule alizosoma, shairi lake lililosomwa kwenye tamasha la wilaya, na tangazo kwamba yeye ni Agatha Christie wa Afrika Mashariki. Nimehesabu: maneno 118 yanapita kabla ya maiti kuonekana.

Sina ugomvi na salamu. Wapo wanaotushauri tuandike kama wafanyavyo Wamarekani, tuingie moja kwa moja katika biashara bila hata hodi. Barua ya Kiswahili isiyobisha hodi ni barua isiyo na adabu, na mhariri wetu ni mtu wa huku huku. Lakini hodi ni moja. Anayebisha hodi mara tisa hufunguliwa na mtu aliyekwisha kukasirika. Kuhusu Agatha Christie, ni heri mtunzi akumbuke kwamba riwaya ya kwanza ya bibi huyo, iliyotoka mwaka 1920, ilikataliwa na wachapishaji kadhaa kabla ya kupata wa kuichapisha. Kujilinganisha naye hakumsaidii mhariri kujua kitabu kinahusu nini. Fauka ya hayo, mpelelezi wa kitabu hicho cha kwanza, Poirot, alikuwa askari mstaafu wa Ubelgiji. Aliye karibu na fundi wetu wa nguo ni Miss Marple, yule kikongwe wa kijijini aliyeingia katika riwaya mwaka 1930, ambaye hakuwahi kuvaa sare ya aina yoyote.

Baada ya maneno hayo 118 ndipo tunapokutana na mhusika mkuu. Mwandishi anamwita "mpelelezi wa ridhaa anayependa sana udadisi."

Neno hilo la ridhaa limenishughulisha kwa siku kadhaa. Tumelizoea katika michezo: ndondi za ridhaa, mchezaji wa ridhaa, yaani yule asiyelipwa. Asili yake ni kukubali, mtu kuridhia jambo kwa hiari yake. Mwandishi wetu amelichukua kutoka uwanjani na kumvika mjane wa watu, na mimi namuuliza: ridhaa ya nani? Je, fundi huyu ameridhia? Je, majirani wameridhia aulize maswali yake? Katika mitaa yetu, mwanamke anayeuliza mambo ya watu hana cheo cha heshima cha kuitwa. Ataitwa mdaku, mbeya, mdukizi, kimbelembele. Kiswahili kina matusi mengi ya mtu wa namna hiyo kuliko majina yake. Kila swali atakaloliuliza fundi wetu litamgharimu mteja. Hapo pana riwaya, lakini barua imeridhika kusema anapenda udadisi, kana kwamba upelelezi ni kama kufuma vitambaa baada ya chakula cha jioni.

Mhariri anayepokea barua ya riwaya ambayo mpelelezi wake si askari huwa na swali moja kabla ya mengine yote: kwa nini huyu? Mji una kituo cha polisi. Nchi ina Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai. Kwa nini tumwache afisa wa serikali tumfuate mshona mashati, na kwa nini mshona mashati huyo asirudi kwenye cherehani yake mambo yanapokuwa ya hatari? "Udadisi" haulijibu swali hilo. Mdadisi akitishwa kwa panga hurudi nyumbani.

Tunao mfano usiotungwa na mtu. Mnamo Septemba 1988, Julie Ward, Mwingereza mwenye umri wa miaka 28, alipotea katika Maasai Mara. Baba yake, John Ward, mwenye biashara ya hoteli huko kwao, alifunga safari akaja, akakodi ndege za kumtafuta, na mabaki ya binti yake yakapatikana porini. Maelezo ya awali ya wakuu yalikuwa kwamba aliliwa na wanyama. Ripoti ya daktari aliyeichunguza mifupa ikabadilishwa maneno yake ili iafikiane na maelezo hayo. Ward hakuwa askari wala wakili. Hata hivyo hakwenda nyumbani. Mwaka 1989 uchunguzi wa mahakama kuhusu kifo hicho, uliofanywa Nairobi, ulifikia uamuzi kwamba binti aliuawa. Walinzi wawili wa mbuga walishtakiwa, wakaachiliwa mwaka 1992. Aliyekuwa mkuu wa walinzi hao naye akashtakiwa, akaachiliwa mwaka 1999. Mzee huyo alisafiri kuja Kenya zaidi ya mara 100, na hakuna aliyepatikana na hatia.

Nani atathubutu kumwita baba yule mpelelezi wa ridhaa? Hakuridhia kitu. Alisukumwa. Yeyote anayetaka kuandika riwaya ya mpelelezi asiye askari katika nchi hii lazima akumbuke kwamba wasomaji wake wamewahi kuambiwa "wanyama" na wakajua kwamba si wanyama. Wanayo kiu ya kitabu kama hicho, na mhariri anaijua kiu hiyo. Barua haiiguzi.

Sasa naomba msomaji anivumilie nirudi katika kazi inayonilisha, yaani sarufi, kwa sababu ugonjwa wa barua hii uko katika vitenzi vyake. Nimevipigia mstari. "Maiti inagunduliwa." "Maswali mazito yanaibuka." "Siri za miaka mingi zinafichuka." "Maisha yake yanajikuta hatarini." "Hatimaye ukweli unadhihirika." Katika aya mbili nzima za kueleza hadithi, hakuna hata kitenzi kimoja ambacho fundi wa nguo ndiye anayekitenda, isipokuwa "kupenda" udadisi.

Kauli ya kutendwa humficha mtenda, lakini humwachia kiti chake. Tukisema mtu ameuawa, hata mtoto atauliza: na nani? Kauli ya kutendeka hukiondoa na hicho kiti. Siri ikifichuka imefichuka. Huwezi kuuliza imefichuka na nani, sarufi inakukatalia. Kila mzazi anaijua kauli hii vizuri, kwa maana mtoto aliyeangusha kikombe hasemi "nimekivunja." Husema kimevunjika. Mwandishi wetu, bila ya kukusudia, ameiandika barua nzima kwa lugha ya mtoto aliyevunja kikombe.

Na hili si kosa dogo katika utanzu huu kuliko tanzu nyingine zote. Riwaya ya upelelezi ni mwendo wa kutoka "ameuawa" hadi "fulani alimuua." Kazi yake yote ni kumrudisha mtenda katika sentensi aliyoondolewa. Hebu tuitazame kauli ya polisi katika kisa hiki: alilewa, akaanguka. Ni sentensi fupi na ya ajabu, kwa kuwa marehemu mwenyewe amefanywa mtenda wa kifo chake. Katika kauli ya Mara watenda walikuwa wanyama.

Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alilijua jambo hili kabla yetu sote. Riwaya yake ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la uandishi la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki la mwaka 1957 na 1958 na kuchapishwa mwaka 1960, inatupa mauaji yaliyofungamana na mahali panapoogopwa. Ukitaja mzimu, watu hunyamaza; mzimu nao ni mtenda asiyeweza kushtakiwa. Kazi ya Bwana Msa, na kiko chake na rafiki yake Najum, ni kuutoa mzimu katika sentensi na kumweka binadamu mahali pake. Najua mtu ataniambia kwamba Bwana Msa hakufiwa na binti, wala hakusukumwa na lolote, alikuwa mtu wa nafasi yake. Ni kweli. Alisukumwa na kukataa kwa akili yake kuamini jibu la uvivu, na Abdulla alikuwa hodari kiasi cha kutufanya tukuone kukataa huko kuwa ni jambo la kufa na kupona. Waliomfuata wengi walichagua njia nyepesi zaidi. Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo ya mwaka 1965, alimpa kazi hiyo inspekta wa polisi, naye Elvis Musiba akatuletea Willy Gamba, jasusi wa serikali. Inspekta na jasusi hawaulizwi "kwa nini wewe?" Wanalipwa mshahara. Ndiyo maana mtunzi anayemchagua raia ana deni ambalo wenzake hawana, na barua ni mahali pa kulipa sehemu ya kwanza ya deni hilo.

Barua inawashughulikia polisi kwa maneno mawili: "wazembe na wala rushwa." Mhariri ameyasoma hayo katika gazeti asubuhi hiyo hiyo. Tena mswada wenyewe unasema vingine. Nimeusoma. Mkuu wa kituo katika mswada si mjinga wala si mwizi. Ana gari moja ambalo halina mafuta, na marehemu kweli alikuwa mlevi aliyewahi kuokotwa mtaroni mara mbili. Afisa huyo ana sababu ya kuamini anachokiamini. Mpelelezi raia anayepambana na afisa mwenye sababu ni mtu wa kuvutia mara kumi kuliko yule anayepambana na mapumbavu. Kwa nini mwandishi aliificha kazi yake nzuri nyuma ya tusi lililochakaa?

Kisha nikafika ukurasa wa 47.

Fundi ameitwa mochari kupeleka suti ya kumzikia marehemu. Anamkuta angali na shati alilokufa nalo, shati la kitenge ambalo yeye mwenyewe alilishona. Alishona sita za kitambaa hicho hicho, kwa wanakamati sita wa chama, wavae katika mkutano mkuu wa mwaka. Marehemu alivunjika mkono wa kushoto utotoni, ukaunga vibaya, na kwa miaka 20 fundi amekuwa akimkatia mkono wa kushoto wa shati mfupi kwa inchi moja na nusu. Shati alilovaa maiti lina mikono iliyo sawa. Si lake. Kuna mtu alimvisha shati jingine gizani, na mtu huyo ni mmoja wa watano ambao vipimo vyao vimo katika daftari la fundi. Wote watano ni wateja wake. Wote watano ndio walioidhinisha mkopo wake, na cherehani yake ndiyo dhamana.

Niliuweka mswada chini nikaichukua tena barua. Nilitafuta shati. Hakuna shati. Hakuna daftari la vipimo. Hakuna mkopo wala dhamana. Kuna asumini.

Hili hapa ndilo jibu la "kwa nini huyu?" Katika mji mzima ni mtu mmoja tu awezaye kuisoma maiti ile, kwa kuwa alimkata nguo kwa miaka 20. Polisi wameona marehemu mwenye shati. Yeye ameona shati la mtu mwingine. Na hawezi kurudi kwenye cherehani yake na kunyamaza, maana cherehani yenyewe iko mikononi mwa wale wale anaowashuku. Akisema, atanyang'anywa. Asiposema, atampima muuaji kiuno kila mwaka kabla ya mkutano mkuu.

Nilipomuuliza mwandishi sababu ya kuliacha shati nje, aliniambia hakutaka kumharibia mhariri utamu. Ndiyo sababu barua yake inamalizika kwa maswali matatu ya "Je": Je, nani aliyemuua mhazini? Je, fundi atafaulu? Je, haki itatendeka? Heshima hii ya siri ni nzuri kwa msomaji anayenunua kitabu dukani, lakini mhariri si msomaji wa namna hiyo. Mhariri ni kama fundi mwashi anayeulizwa kama nyumba itasimama, na hatupandishi ukuta mbele ya macho yake asiuone msingi. Barua ifikishe mahali shati linapoonekana na chaguo linapomkaba fundi. Muhtasari wa kurasa mbili unaoambatana na barua, huo umtaje muuaji kwa jina na ueleze alivyojulikana. Mtunzi anayemficha mhariri muuaji humfanya ashuku kwamba hata yeye mtunzi hamjui.

Nina pendekezo jingine, nalo linahusu mwisho wa riwaya. Mwandishi anawakusanya washukiwa wote watano sebuleni kwa fundi, kama afanyavyo Agatha Christie, na fundi anahutubia. Sebule hiyo ni ya Kiingereza. Sijaona mji wa Pwani ambako wanakamati watano, mmoja wao muuaji, wataitika mwito wa fundi wa nguo na kukaa kimya aongee kwa kurasa 18. Sheria yetu ya taratibu za kesi za jinai inampa hakimu uwezo wa kukichunguza mahakamani kifo chenye utata, na mtu anayejua jambo huitwa akatoa ushahidi. Uchunguzi kama huo ndio uliompa Ward uamuzi wa mwaka 1989. Mweke fundi kizimbani, mpe tepu yake ya kupimia, na shati liwe kielelezo mezani. Mwandishi anasema atalifikiria.

Barua niliyomwandikia kama mfano, salamu ikishapita, inaanza hivi:

"Kwa miaka 20 fundi mmoja wa nguo amemshonea mhazini wa chama cha akiba mashati yenye mkono mmoja mfupi. Anapopeleka suti ya maziko mochari, anaikuta maiti imevaa shati lenye mikono sawa. Polisi wanasema mhazini alilewa, akaanguka machimboni. Fundi anajua kwamba kuna mtu aliyembadilisha shati, na kwamba mtu huyo ni mmoja wa wanakamati watano ambao vipimo vyao vimo katika daftari lake. Anaanza kuwaita mmoja mmoja kwa kisingizio cha nguo mpya, akipima na kuuliza. Lakini kamati hiyo ndiyo inayoshikilia cherehani yake kwa mkopo ambao hajaumaliza, na wiki ya pili baada ya maziko wanamwandikia kuudai wote."

Msomaji avihesabu vitenzi: fundi anashona, anapeleka, anakuta, anajua, anaita, anapima, anauliza. Kamati nayo inashikilia, inaandika, inadai. Hakuna siri iliyofichuka yenyewe. Sikuongeza chochote kisichokuwamo katika mswada, na neno la ridhaa limekwenda zake.

Chini ya aya hiyo zinatosha sentensi tatu. Moja itaje jina la riwaya, kwamba imekwisha kuandikwa yote, na ina maneno mangapi. Nyingine iseme ni ya wasomaji gani. Hapa mwandishi asijidanganye: wachapishaji wetu wengi wanaishi kwa soko la shule, na mhariri atajiuliza kama kitabu kinaweza kuwekwa mkononi mwa mwanafunzi wa sekondari. Ikiwa kinaweza, aseme. Ikiwa ni cha watu wazima, aseme hivyo pia na asiombe radhi. Sentensi ya tatu imhusu yeye mwenyewe, nayo nimemchagulia mimi, kwa kuwa aliisahau kabisa kati ya shule zake na shairi la tamasha: mama yake alikuwa fundi wa nguo, na alikulia chini ya meza ya kukatia vitambaa.

Barua nzima sasa haifiki maneno 220. Mswada ungali na maneno 140,000, ilhali riwaya nyingi za Agatha Christie hazizidi 70,000. Tumekubaliana kukutana tena, yeye na kalamu nyekundu, mimi na ukurasa wa 48 hadi wa 190, ambamo fundi anaota ndoto nyingi mno.